Siku Nne Zisizokuwamo Katika Daftari

Adhuhuri ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba, 2010, theluji ilianza kuanguka juu ya uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi ya jiji la London. Haikuja kwa kishindo kama mvua ya masika ipigavyo mabati ya Jinja. Ilishuka kimya kimya, nyepesi kama sufi ipeperushwayo na upepo, ikatua juu ya mabawa ya ndege, juu ya magari ya mizigo, na juu ya mabega ya watu waliokuwa wakikimbilia milangoni. Watoto waliokuwamo ndani walibandika nyuso zao kwenye vioo wakashangilia. Baada ya muda hapakuwa na mtu aliyeshangilia tena, kwa kuwa ubao wa kutangazia safari ulianza kubadilika mstari baada ya mstari, na kila mstari ulileta habari ile ile: safari imefutwa.

Katika umati ule walikuwamo mume na mke kutoka Jinja, nchini Uganda. Mume alikuwa Inspekta wa Polisi mwenye umri wa miaka 55, mtoto wa askari, aliyezaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi ya mji huo. Mke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wameoana kwa muda wa miaka 29, na katika miaka hiyo Inspekta alikuwa amehamishwa vituo tisa, huku mkewe akibaki Jinja na watoto. Safari hii ilikuwa ya kwanza kwao kwenda ng'ambo. Walikuwa wamekwenda Glasgow, huko Uskoti, kuhudhuria mahafali ya binti yao, kisha wakashuka kwa treni hadi London kulitazama jiji kwa siku mbili kabla ya kurudi nyumbani.

Baridi hawakuwa wageni nayo. Tarehe 6 ya mwezi huo huo, wakiwa bado Glasgow, theluji ilikuwa imeifunga barabara kuu iendayo Edinburgh, madereva wengi wakalala ndani ya magari yao, na siku chache baadaye Waziri wa Uchukuzi wa Uskoti akajiuzulu. Inspekta alilisoma jambo hilo katika gazeti akatikisa kichwa. Hakudhani kwamba theluji ile ingemfuata hadi London.

DAFTARI JEUSI

Inspekta alikuwa mtu wa utaratibu. Miaka 30 ya gwaride, zamu na taarifa ilikuwa imemfundisha kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halipo. Kabla ya kuondoka nyumbani alinunua daftari dogo lenye jalada jeusi, akaandika humo siku zote 24 za safari: saa ya kuamka, nauli, mahali pa kutembelea, fedha za kutumia, hata dakika za kusimama mbele ya kila kitu cha kutazamwa. Ukurasa wa mwisho ulisema: “Jumamosi 18. Uwanja wa ndege saa 5 asubuhi. Kuruka saa 2 usiku. Jumapili asubuhi, Entebbe. Jumatatu 20, kuripoti kazini.” Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe.

Mizigo nayo ilikuwa na utaratibu wake. Usiku wa Ijumaa, katika nyumba ya wageni, Inspekta alifungua mikoba yote akaipanga upya. Mkoba wa mkononi, alisema, ubebe hati za kusafiria, kamera na nguo moja ya baridi, basi. Mkewe alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye dawa, akasema kwa sauti ya chini kwamba hicho kisingefaa kuingia katika sanduku kubwa. “Tutafika keshokutwa asubuhi,” mumewe alimjibu, akakitia ndani na kufunga zipu. Siku ya pili walifika Heathrow mapema kupita kiasi, wakaomba wapokelewe mizigo yao, na kabla ya saa 6 mchana masanduku yalikuwa yamekwisha kwenda zake. Inspekta aliandika alama ya vema katika daftari.

Ilipofika alasiri njia zote mbili za kurukia zilikuwa zimefungwa. Theluji yenyewe haikuzidi kimo cha kiatu cha askari, na watu wengi waliuliza jinsi kitu kidogo hivyo kinavyoweza kuusimamisha uwanja mkubwa kama ule. Sababu haikuwa njia za kurukia peke yake. Ndege nyingi zilikuwa zimeegeshwa karibu karibu, na theluji iliyokusanyika chini na kando yake iliganda ikawa barafu, mahali ambapo mashine kubwa za kusafishia haziwezi kupenya. Wasimamizi wa uwanja walieleza kwamba palihitajika kuondoa hadi tani 30 za theluji katika egesho moja. Hata njia ikisafishwa, ndege yenyewe ilikuwa imenasa pale pale, kama mtumbwi wa Ziwa Victoria uliozingirwa na magugu-maji. Katika siku tano, kuanzia Jumamosi ile, safari za ndege zaidi ya 4,000 zilifutwa.

USIKU WA KWANZA

Abiria wapatao 9,500 walilala uwanjani usiku huo. Walilala juu ya viti, juu ya sakafu, juu ya mikanda ya mizigo iliyosimama. Waligawiwa mablanketi membamba yanayometa kama karatasi ya fedha, na kila mtu alipojigeuza ilisikika sauti ya kuchakarika kama majani makavu ya mgomba. Chai ilikwisha katika vibanda. Simu nyingi zilizimika, na watu wakapanga foleni penye tundu la umeme kama wapangavyo foleni penye bomba la maji wakati wa kiangazi.

Pembe moja ya ukumbi, mablanketi yalipoletwa, vijana wenye nguvu waliyafikia kwanza, na wengine wakachukua mawili mawili. Inspekta alisimama. Hakuwa na sare wala cheo mahali pale, na hakuna aliyemtuma. Alinyosha mkono akasema kwa Kiingereza, bila ya kupaza sauti, kwamba wazee na wenye watoto wachanga wapite mbele. Mstari ukajipanga. Mfanyakazi wa uwanja, aliyekuwa amechoka hata macho yamemwiva, alimpa bunda zima agawe mwenyewe.

Karibu na mahali walipokaa palikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa akisafiri peke yake kwenda Karachi na mtoto wa miezi michache. Mtoto alikuwa amelia tangu magharibi, na mama yake naye alikuwa amekaribia kulia. Bibi wa Inspekta hakujua lugha ya mama yule. Alifungua mkoba wa mkononi akatoa leso aliyokuwa ameificha chini ya kamera, kinyume cha amri, akampokea mtoto, akambeba mgongoni na kuanza kutembea polepole kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mzunguko wa nne mtoto alikuwa amelala. Mama yake alilala pia, kichwa juu ya begi, kama mtu aliyeangushwa.

Inspekta alishika lindo kwa desturi yake, mgongo ukutani na mikoba kati ya miguu. Saa 10 alfajiri mkewe alikuja akasimama mbele yake, mtoto bado mgongoni.

“Lala, Mzee. Nami najua kulinda.”

Alitaka kukataa, lakini usingizi ulimshinda. Alipozinduka kulikuwa kungali na giza nje, ingawa saa yake ilionyesha saa 1 na nusu asubuhi, na mkewe alikuwa bado amesimama.

JINA LA DAWA

Jumapili ilipita karibu bila ya ndege kuruka. Abiria waliombwa waondoke uwanjani wakatafute malazi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, ambayo Uingereza imeihifadhi katika sheria zake hata baada ya kujitoa katika Umoja huo mwaka 2020, humtaka mwenye ndege ampatie abiria aliyekwama chakula na mahali pa kulala, hata kama kilichozuia safari ni hali ya hewa. Lakini foleni ya kudai haki hiyo ilikuwa ndefu, na hoteli za karibu zilikuwa zimejaa. Karani mmoja aliwashauri wajitafutie chumba na kutunza stakabadhi zote ili walipwe baadaye. Inspekta alihesabu fedha zilizobaki, wakapanda treni ya chini ya ardhi hadi mtaa wa Earl's Court, ambako nyumba za wageni za bei nafuu ni nyingi. Mama wa Karachi walimwacha uwanjani pamoja na wenziwe waliompata wa lugha yake. Leso ilibaki naye.

Walipata chumba kidogo ghorofa ya tatu. Walipokuwa wakipanda ngazi Inspekta alitambua kwamba haisikii miguu ya mkewe nyuma yake. Aligeuka akamwona ameketi juu ya kidato, mkono ukiwa kwenye paji la uso.

“Mama, una nini?”

“Kichwa tu, Afande.”

Nyumbani humwita Mzee. Humwita Afande anapokuwa na jambo ambalo hataki kuulizwa. Inspekta alishuka vidato vitatu akaketi karibu naye, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba dawa za shinikizo la damu zilikuwa katika kile kifuko, na kifuko kilikuwa katika sanduku, na sanduku lilikuwa mahali fulani chini ya uwanja wa Heathrow pamoja na maelfu ya masanduku mengine. Tangu Jumamosi asubuhi hakuwa amemeza kitu. Usingizi alikuwa hana, na baridi, kama madaktari wajuavyo, huibana mishipa ya damu na kuipandisha presha hata kwa mtu aliyepumzika.

Duka la dawa la jirani lilikuwa wazi. Mfamasia aliwasikiliza kwa adabu, kisha akaeleza kwamba sheria haimruhusu kutoa dawa hiyo bila ya cheti cha daktari wa nchi ile au wa nchi jirani za Ulaya. Aliwaandikia kwenye kipande cha karatasi njia ya kwenda hospitali iliyokuwa karibu, akawahimiza wasingoje asubuhi.

Katika idara ya dharura ya hospitali za Uingereza mtu hatozwi ada, awe mwenyeji au mgeni. Ada humwangukia mgeni akilazwa. Inspekta hakulijua hilo, na njia nzima alikuwa akihesabu moyoni ni kitu gani angeweza kuuza. Mkewe aliingizwa ndani kupimwa. Presha ilikuwa 195 juu na 115 chini. Muuguzi alitoka na karatasi, akamwendea mume aliyekuwa amesimama wima kama aliye mbele ya mkuu wake.

“Mkeo hutumia dawa gani?”

Inspekta alifungua kinywa. Alikuwa mtu awezaye kutaja kwa moyo namba za bunduki zote zilizokuwamo katika ghala la silaha la kituo chake. Aliwajua askari wake kwa majina ya baba zao. Aliweza kusema treni ya Glasgow iliingia London saa ngapi na dakika ngapi.

“Ni vidonge,” alisema.

“Vya jina gani?”

“Sijui.”

“Amevitumia tangu lini?”

“Yapata miaka miwili.”

Muuguzi hakusema neno. Aliandika, akarudi ndani. Baada ya muda Inspekta aliitwa, akamkuta mkewe amelala juu ya kitanda chembamba, waya zimebandikwa kifuani, na daktari kijana akisoma karatasi inayotoka katika mashine. Moyo haukuwa umedhurika, daktari alisema. Apewe dawa, apumzike humo kwa saa chache, kisha apimwe tena.

Walipoachwa peke yao, mke alisema bila ya kufumbua macho, “Umewaambia miaka miwili. Ni sita. Tangu 2004, ulipokuwa Moroto.”

“Hukuniambia.”

“Nilikuandikia barua. Ulinijibu juu ya karo ya watoto.”

Inspekta aliikumbuka barua ile. Alikuwa ameisoma usiku, baada ya doria, akatafuta ndani yake mambo yanayohitaji kushughulikiwa, akayashughulikia. Sentensi moja kuhusu kliniki alikuwa ameipita kama mtu apitavyo kibao cha barabarani kisichomhusu. Sasa alitoa daftari jeusi mfukoni, akafungua ukurasa mweupe wa kwanza.

“Taja,” alisema.

“Nifedipini. Miligramu 20. Asubuhi na jioni.”

Aliandika, kisha akamsomea, kama asomavyo maelezo ya shahidi, ili athibitishe kwamba ni sahihi.

Saa 9 ya usiku presha ilikuwa imeshuka. Daktari aliwapa dawa za siku saba, akawashauri mgonjwa avae nguo nyingi nyembamba, moja juu ya nyingine, kuliko moja nzito, afunike kichwa, na atembee polepole mchana. Hakuna aliyewadai hata senti moja.

NGUZO NNE ZA MAWE

Jumatatu asubuhi Inspekta alimpigia simu Mkuu wa Polisi wake. Likizo ilikuwa imekwisha siku ile, na katika miaka 30 hakuwahi kuchelewa kuripoti. Alikuwa ameyapanga maneno ya kujieleza katika mafungu matatu. Mkuu wake alimkatiza katika fungu la kwanza. Picha za Heathrow zilikuwa zimeonyeshwa katika televisheni. Aje atakapokuja, amsalimie mama.

Kwa simu vilevile waliambiwa kwamba nafasi ingepatikana Jumatano usiku. Basi walikuwa na siku tatu mbele yao ambazo hazikuwa na kitu kilichoandikwa. Mchana walitoka kwenda kutembea polepole, kama daktari alivyosema, wakashuka katika kituo cha Hyde Park Corner. Mahali pale walikuwa wamepita Ijumaa, wakienda mbio kutazama jumba la kifalme na walinzi wake, kwa kuwa daftari lilitoa dakika kumi tu. Mwanzoni mwa barabara iitwayo Constitution Hill zilisimama nguzo nne kubwa za mawe meupe, theluji ikiwa imekaa juu yake. Safari hii mke alisimama kusoma.

“Mzee, njoo uone. Hapa pameandikwa Afrika.”

Nguzo hizo ni ukumbusho uliozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 6 Novemba, 2002, kwa heshima ya wanajeshi wapatao milioni tano kutoka Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi waliotumika pamoja na majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu mbili za dunia. Kando yake kuna kibanda kidogo cha mawe chenye kuba, na ndani ya kuba yameandikwa majina ya waliopata nishani za juu kabisa za ushujaa.

Inspekta alivua kofia. Baba yake alikuwa askari wa KAR, kikosi cha nne, kikosi cha Uganda, naye alivuka bahari kwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru begani. Mwaka 1944, katikati ya mvua za pepo za kusi, divisheni hiyo ilisonga mbele katika bonde la Kabaw, njia zikiwa matope matupu na malaria ikiangusha watu sawa na risasi, hata ikafika mto Chindwin huko Kalewa mwezi wa Desemba. Mzee yule aliporudi Jinja alizungumza kidogo sana. Kwa wanawe alitaja matope na mvua, basi.

“Hakuniambia neno lingine,” alisema Inspekta. “Nilikuwa nikidhani hapakuwa na la kusema.”

Mkewe alikaa kimya kidogo. Kisha alisema, “Aliniambia mimi.”

Mwaka 1988, mkwewe alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Inspekta alikuwa kazini kaskazini ya nchi. Mkewe ndiye aliyemwosha na kumlisha uji. Usiku, maumivu yalipomzuia mzee kulala, alimsimulia mkaza mwanawe habari za rafiki yake waliyetoka naye kijiji kimoja, waliyegawana naye blanketi moja tangu Jinja, na ambaye alizikwa karibu na mto ule bila ya mtu wa kwao wa kumlilia ila yeye. Kwa sababu hiyo, mzee alisema, kila mvua ya kwanza ilipoanza alikwenda kuketi peke yake nyuma ya nyumba.

Inspekta aliikumbuka desturi ile tangu utotoni. Siku zote aliidhani kuwa ni ukali. Alisimama mbele ya jiwe kwa muda mrefu, na hapana aliyehesabu dakika. Mkewe alikuwa wa kwanza kushikwa na baridi. Alimshika mkono wakaondoka.

SIKU FUPI KULIKO ZOTE

Jumanne ilikuwa tarehe 21 Desemba, siku iliyo fupi kuliko zote katika nchi za kaskazini. London jua huchomoza siku hiyo baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Mtu wa Afrika Mashariki, ambaye saa yake huanza kuhesabiwa tangu mapambazuko na hufunga mchana kwa saa 12 jioni, huiona saa yake kama imerukwa na akili. Mwezi ule wote ulikuwa wa ajabu: Uingereza haikuwa imeandika Desemba yenye baridi kama ile tangu ilipoanza kutunza kumbukumbu za nchi nzima mwaka 1910.

Siku hiyo hawakwenda popote. Nguo zao zote zilikuwa katika masanduku, hivyo Inspekta alifua blauzi ya mkewe katika beseni la kunawia, akaianika juu ya chombo cha kupashia joto chumba. Aliifua kama afuavyo askari sare yake, kwa nguvu, na kifungo kimoja kikatoka. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, na Inspekta, ambaye kwanza alitaka kukasirika, aliona kwamba hakumbuki ni lini mara ya mwisho alipomsikia akicheka hivyo.

Katika jiko la pamoja walichemsha mayai na chai. Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni saa ya Inspekta ililia, naye akaleta maji na kidonge. Katikati ya saa hizo mbili walizungumza. Walizungumza juu ya mtoto wao wa pili aliyezikwa mwaka 1986, jambo ambalo kwa miaka 24 hawakuwa wamelitaja wakiwa pamoja. Nje kulikuwa kumekwisha kuwa giza zamani, na wala hawakuwa wamewasha taa.

KURUDI NYUMBANI

Jumanne jioni njia ya pili ya kurukia ilifunguliwa, na Jumatano usiku ndege yao iliondoka. Alhamisi asubuhi, tarehe 23, waliliona Ziwa Victoria chini yao, na mlango ulipofunguliwa hapo Entebbe joto liliwapokea kama jamaa. Walishuka wamebeba makoti mikononi. Masanduku hayakuwamo. Yalifika baada ya siku tisa, na kifuko cha dawa kilikuwa juu kabisa, mahali kilipowekwa.

Familia inayojiandaa kusafiri yaweza kuchukua mafunzo machache hapa. Dawa ya kila siku isitiwe katika mzigo unaokabidhiwa. Ikae mkononi, ndani ya paketi yake yenye jina, pamoja na nakala ya cheti cha daktari, na iwe ya kutosha siku saba zaidi ya siku za safari. Nguo moja ya kubadili na kitambaa cha leso havina uzito. Fedha za siku mbili zitengwe zisiguswe. Stakabadhi zitunzwe: za chumba kile walirudishiwa fedha baada ya miezi kadhaa ya kuandikiana. Na kila mmoja katika nyumba ajue mwenzake ana ugonjwa gani na hutumia dawa gani, kwa kuwa siku ya kuulizwa haitangazwi. Mwenye shinikizo la damu naye asiache kumeza dawa kwa sababu anajisikia mzima, kwani ugonjwa huo hukaa kimya.

Mwezi wa Januari, 2011, mke alikwenda kliniki Jinja kama ilivyokuwa desturi yake. Safari hii mumewe aliomba ruhusa ya asubuhi moja akafuatana naye, akaketi karibu naye katika benchi refu la wanaongoja. Walipofika dirishani, karani aliuliza bila ya kuinua macho jina la dawa anayotumia mgonjwa. Inspekta alijibu, akataja na uzito wake, na saa za kumeza.

Daftari lilikuwa mfukoni, wala hakulitoa. Mkewe alinyamaza, akamwacha aseme.